Kupanga vifaa vya gitaa la prog metal Nairobi, kutoka soketi ya ukutani hadi jukwaani

Anayeanza kupiga prog metal hutafuta uzito kwa kuzungusha kitufe cha geini. Geini ikipita nusu, noti za uzi wa saba (ule mnene kuliko wote kwenye gitaa la nyuzi saba) hugeuka uji: unasikia zito linatembea chini lakini hujui ni noti gani. Uzito unaosikika vizuri hutoka mahali pengine: uzi wenye mkazo wa kutosha, besi iliyopunguzwa kabla ya distoshoni, na stima isiyonguruma. Tunaanza na stima, maana hapa Nairobi ndiyo inayoharibu sauti na vifaa vingi kuliko kitu kingine chochote.

Soketi kwanza

Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Hiyo 50 inamhusu mpiga metali moja kwa moja. Uzi wa saba ukishushwa hadi A hutetema mara 55 kwa sekunde, na G iliyo chini yake ni 49. Kwa hiyo mngurumo wa stima ni kama mpiga besi asiyealikwa aliyeketi pembeni akishikilia G iliyopanda kidogo mchana kutwa, pamoja na sauti zake za juu za hezi 100 na 150. Mwenye gitaa la kawaida, ambaye uzi wake mnene ni E ya hezi 82, ana nafasi kidogo ya kupumua. Wewe mngurumo uko mlangoni kwako, na distoshoni inaukuza pamoja na kila kitu.

Nunua multimita ya kawaida Luthuli Avenue, uiweke kwenye volti za AC, upime soketi ya chumba unachorekodia. Kati ya laini na nyutro utapata karibu 240. Kati ya laini na athi (waya wa ardhini, wa usalama) upate karibu namba ileile. Kati ya nyutro na athi iwe volti 2 au 3, si zaidi. Ikisoma makumi ya volti, athi haijaunganishwa, jambo la kawaida kwenye majengo ya zamani na vyumba vilivyoongezwa waya na kila mpangaji. Hapo mwite fundi wa stima kabla ya kuchomeka chochote. Kama hujawahi kutumia multimita kwenye stima ya ukutani, mwite huyo fundi apime yeye.

Kosa la pili liko kwenye plagi. Vifaa vinavyotoka Ujerumani au Ufaransa huja na plagi ya pini mbili za duara, na sote tunajua jinsi zinavyoingizwa: unasukuma tundu la juu la soketi kwa kalamu, unaipenyeza, kifaa kinawaka. Kinawaka kweli, lakini athi imebaki nje. Ampu itanguruma, na ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni unaweza kupigwa na stima. Kata plagi hiyo ufunge ya pini tatu: waya wa kahawia kwenye L, wa buluu kwenye N, wa kijani na manjano kwenye E. Fiuzi ya ampea 3 inatosha modela (kifaa cha dijitali kinachoiga ampu) na intafesi (kile kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta). Ampu ya valvu ipe ya 5. Ile ya 13 inayokuja ndani ya plagi mpya ni ya pasi na heta. Na usikate athi kamwe ili kuondoa mngurumo, hata fundi wa sauti akikushauri.

Kifaa kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, kinahitaji plagi tu. Modela nyingi za kisasa ziko hivyo. Kikisema 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha. Kichwa cha valvu cha wati 100 kinaweza kuvuta wati 300 na zaidi kikipigwa kwa nguvu, kwa hiyo transfoma ya 500 VA ndiyo ya chini, na ya 1000 VA haitachemka. Angalia tundu lake la kutokea lina pini ya athi. Nyingi za bei rahisi hazina. Pia transfoma ya ndani ya ampu iliyoundwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, na hilo transfoma ya kushusha volti hairekebishi.

Kuhusu kupotea kwa stima: ile kinga ya friji ambayo wengi wanayo nyumbani haifai kwa muziki. Inazuia mawimbi ya volti sawasawa, lakini stima ikirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu, kwa sababu imetengenezewa kompresa. Tumia ile ya televisheni, inayosubiri kwa muda mfupi, halafu weka UPS ndogo ya 650 VA kati yake na modela, intafesi na kompyuta. Ampu ya valvu isiingie kwenye UPS hiyo. Mawimbi yake ya stima si laini, na transfoma itayaimba.

Nyuzi na hesabu yake

Mfano wetu ni gitaa la nyuzi saba, A-E-A-D-G-B-E, yaani drop A. Seti ya kawaida ya nyuzi saba ni 10 hadi 59, na imepimwa kwa uzi wa chini ulio kwenye B. Ukiushusha hadi A unapoteza karibu asilimia 20 ya mkazo. Shingo ya inchi 26.5 badala ya 25.5 inakurudishia asilimia 8 tu. Pengo linalobaki linazibwa na unene: kwenye shingo ya 26.5 weka uzi wa 64, kwenye 25.5 weka 66. Bila hivyo, kila ukiupiga kwa nguvu uzi unaanza juu ya noti halafu unashuka. Tyuna inakuambia uko sawa ilhali rekodi inasikika imepinda, na utajilaumu mkono bure.

Uzi wa 64 una unene wa milimita 1.63, wakati mfereji wa nati (kile kijiti cha juu ya shingo chenye mifereji) ulikatwa kwa uzi wa milimita 1.5. Uzi hautakaa, utabana. Ukikaza kitufe husikii kitu, halafu ghafla "ting", noti inaruka. Panua mfereji hadi kama milimita 1.75 bila kuongeza kina. Huhitaji faili za kuagiza ng'ambo: zile waya zenye meno ambazo mafundi wa gesi husafishia pua za tochi huuzwa kwa seti ya unene tofauti. Chagua kwa kalipa, pitisha taratibu ukiinamisha kuelekea kichwani, kisha paka unga wa penseli ya 2B.

Baada ya kubadilisha nyuzi, shingo itakuwa imesogea. Fuata mpangilio huu bila kuruka hatua, kwa sababu kila hatua huharibu iliyofuata ikifanywa nyuma:

1. Tyuni nyuzi zote hadi drop A, uache gitaa nusu saa.
2. Bana uzi wa saba freti ya kwanza na freti ya mwisho. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 8 kwa fila geji, ile ya kupimia plagi za gari, inapatikana Kirinyaga Road. Unatafuta milimita 0.20. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko. Ikipungua, legeza robo. Tyuni tena, subiri, pima tena. Robo moja kwa wakati mmoja.
3. Pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 1.8 hadi 2 upande mnene, 1.5 upande mwembamba. Kwa drop A usishuke chini ya hapo. Mkwaruzo wa uzi kwenye freti hausikiki sebuleni lakini distoshoni inautangaza.
4. Linganisha uzi mtupu na noti ya freti ya 12. Ya 12 ikiwa juu, rudisha nyuma kile kitako kinachobeba uzi kwenye daraja. Ikiwa chini, isogeze mbele. Pima ukipiga kwa nguvu ileile utakayopigia wimbo.

Kati ya ukame wa Januari na Februari na mvua ya Machi hadi Mei, shingo ya mbao itasogea tena. Rudia hatua ya 2 mvua ikianza, na uweke gitaa kwenye kasha lake pamoja na pakiti za silika.

Pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi (hapa hatuzungumzii Hilux), zikiwa za betri, kama EMG 707, kumbuka kwamba kuchomeka kebo ndiyo swichi yake. Ukiacha kebo ndani usiku kucha betri ya volti 9 inaliwa. Ikikaribia kuisha haizimi ghafla: sauti hupungua kwanza, noti zikaanza kukatika kama redio mbovu, na mtu hutafuta kosa kwenye ampu saa nzima.

Kati ya gitaa na ampu

Pedali muhimu kuliko zote katika mtindo huu ni ovadraivu ya aina ya Tube Screamer, na haitumiwi kama mtengenezaji alivyodhani. Drive iweke sifuri. Tone katikati. Level hadi mwisho. Huitaki distoshoni yake. Unataka inavyopunguza besi. Sakiti yake hukuza zaidi kuanzia karibu hezi 720 kwenda juu, na chini ya hapo inaacha sauti ikiwa nyembamba. Ampu inapokea ishara isiyo na tope, inaivunja vizuri, na kiganja kikizima nyuzi unasikia "jun" fupi badala ya "vuuu". Besi unayoihitaji utairudisha baadaye, kwenye ampu au kwenye spika. Besi iliyoingia mapema haitoki tena.

Kwenye ampu anza hivi: geini 4 au 5 kati ya 10, besi 4, midi 6, treble 5, presence 5. Ukiwa peke yako itasikika kavu. Ngoma na besi zikiingia utaelewa kwa nini. Midi ikikatwa, ile sauti tamu ya chumbani, inapotea kabisa bendi ikianza.

Halafu geti la kelele. Lichukulie kama soja wa estate: anafungua kwa mwenye nyumba, anafunga asiyejulikana akija. Ukiliweka mbele ya ampu tu, halisikii kelele ya ampu yenyewe. Ukiliweka nyuma tu, linaamua kwa kusikiliza sauti iliyokwisha kukandamizwa na distoshoni, na mkia wa noti na kelele vinafanana. Suluhisho ni kebo nne, kwa pedali kama Boss NS-2 yenye matundu manne:

- gitaa kwenda INPUT ya geti;
- SEND ya geti kwenda ovadraivu, ovadraivu kwenda tundu la mbele la ampu;
- SEND ya nyuma ya ampu kwenda RETURN ya geti;
- OUTPUT ya geti kwenda dilei na riva (pedali za mwangwi), kisha RETURN ya ampu.

Sasa geti linasikiliza gitaa safi lakini linafunga kelele yote iliyo nyuma yake, na mikia ya dilei haikatwi kwa sababu iko baada ya geti. Kulipanga: sauti ya gitaa hadi mwisho, kiganja juu ya nyuzi, panda na threshold polepole hadi kelele inyamaze, simama hapo. Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja ndefu iishe yenyewe. Ikikatika ghafla umezidisha. Kwenye vipande laini lizime kabisa. Na kama geti linalazimika kupita nusu, rudi kwenye soketi: geti halisafishi kitu wakati unapiga, linaficha tu unapoacha.

Pedali za kawaida zinataka volti 9, hasi katikati. Soma miliampea za kila moja, ujumlishe, uongeze robo. Kebo moja yenye vichwa vingi inafaa pedali za analogi. Ya dijitali ikiingia humo, filimbi nyembamba inasambaa kwa zote. Mwangalifu zaidi awe mwenye modela: HX Stomp inataka volti 9 na ampea 3, Quad Cortex volti 12 na ampea 3. Chaja zinafanana, na volti 12 ndani ya kifaa cha 9 ni safari ya kwa fundi. Andika kwa chata juu ya kila chaja.

Dilei ipangwe kwa hesabu, hasa kwenye vipimo visivyo vya 4/4. Gawanya 60,000 kwa kasi ya wimbo (mapigo kwa dakika) upate milisekunde za pigo moja. Kwa 140, pigo ni 428.6 na nusu yake 214.3. Baa moja ya 7/8 ina nusu saba, jumla milisekunde 1,500 kamili. Dilei ya 1,500 inarudi na kuangukia mwanzo wa baa inayofuata; ile ya kawaida ya nukta, yaani robo tatu ya pigo, 321, inavuka mstari wa baa na kuyumbisha mpiga ngoma. Wakati mwingine ndicho unachotaka. Basi uchague ukijua.

Ubao wa pedali usiagize. Mafundi wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea fremu ya alumini ya sentimita 60 kwa 30, nyuma ikiinuka sentimita 6, ukiwapa mchoro wenye vipimo. Waambie wapige pembe kwa faili, kebo zisikatwe.

Kurekodi

Gitaa liingie kwenye tundu la intafesi lililowekwa INST, si LINE. Ukikosea swichi hiyo treble inakufa. Piga rifu (kipande cha gitaa kinachorudiwa) nzito kuliko zote na upandishe hadi kilele kifike desibeli −12, si zaidi. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta huchakata kwa mara moja) ya sampuli 128 huchelewesha kama milisekunde 2.7 kwa kila upande, kuingia na kutoka. Ikianza kukatika nenda 256, au fanya nyimbo za ngoma kuwa faili ya sauti ili kompyuta ipumue. Ukisikia filimbi inayobadilika ukisogeza mausi, chomoa chaja ya laptopu. Ikinyamaza, umempata mwizi: maliza tekii (mpigo mmoja wa kurekodi) kwa betri.

Daima hifadhi gitaa safi, lisilo na ampu, kwenye traki yake. Sauti ya ampu unaweza kuibadilisha mwezi ujao, kwa programu ya bure kama Neural Amp Modeler, bila kupiga tena.

Rifu nzito zipigwe mara mbili, kweli mara mbili, moja kushoto kabisa na moja kulia kabisa. Kunakili na kusogeza hakusaidii. Upana unatoka kwenye tofauti ndogo za mkono. Punguza geini chini ya ulivyozoea jukwaani, maana gitaa mbili zinajumlishana. Kabla ya kila tekii, tyuni. Kila tekii, si kila wimbo. Funga kibanio cha nywele juu ya nyuzi karibu na nati ili nyuzi zisizopigwa zisiimbe, na kama daraja lako lina springi nyuma, sindilia kipande cha sponji.

Baada ya ampu inakuja faili ya IR, yaani alama ya spika na maikrofoni yake. Jaribu za spika ya Celestion Vintage 30 kwanza, ziko kwenye rekodi nyingi za metali, na uchague kwa kusikiliza pamoja na ngoma. Kisha kata chini ya hezi 80 na juu ya 9,000 au 10,000. Kiganja kikizima nyuzi, kati ya hezi 150 na 300 kuna bonge linaloruka. Libane kwa kompresa ya sauti ya bendi moja hapo tu, noti ndefu uziache. Chini ya 80 ni nyumba ya besi, gitaa lisigombanie.

Ukirekodi spika halisi, maikrofoni ya SM57 iwe sentimita 2 au 3 kutoka kitambaa, ikielekea ukingo wa kile kifuniko cha katikati. Isogeze sentimita moja kabla ya kugusa EQ (vidhibiti vya besi, midi na treble). Na kama paa ni la mabati, angalia mawingu.

Jukwaani

Kumbi nyingi za mjini zimezoea reggae, gospeli na bendi za rumba, na fundi wa sauti atakutafutia ampu aiwekee maikrofoni. Njia rahisi kwa wote ni modela moja kwa moja kwa kebo ya XLR. Mwambie mambo matatu: ni mono au stirio, kiwango kiko cha MIC, na 48V (stima inayotumwa kwa maikrofoni) izimwe kwenye chaneli yako. PA (mfumo wa spika za ukumbi) ikiwa mono mpe upande wa kushoto tu. Sauti pana ya stirio ikijumlishwa hula noti zake yenyewe.

Makosa mawili ya IR utayatambua kwa sikio. Sauti kama nyuki ndani ya debe: IR haijawashwa na unaingia kwenye PA. Sauti kama redio iliyofunikwa na sufuria: IR imewashwa na bado unapitia kabati la spika halisi. Ampu ya valvu nayo isiwashwe kamwe bila spika, na kebo ya spika si ya gitaa, hata vichwa vikifanana.

Sauti uliyoipanga kwa hedifoni usiku itakuwa na besi na treble nyingi mno ikipigwa kwa nguvu. Weka EQ ya jumla ikate chini ya hezi 100, kwa kuwa sabufa za ukumbi zitaongeza zake. Solo iwe juu kwa desibeli 2 au 3 tu.

Kabla ya kuimba, weka multimita kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa maikrofoni. Isomeke chini ya volti 1. Ikisoma makumi ya volti, hata kama mdomoni ni mtekenyo tu, kuna kifaa kisicho na athi. Kitafute kabla ya onyesho, si katikati yake.

Vifaa visivyo na waya vya 2.4 GHz hufanya kazi vizuri wakati wa saundicheki, ukumbi ukiwa mtupu. Simu mia tatu zikiingia, mambo hubadilika. Kipokezi kiwe mbele yako, mita chache, na kebo ya mita 6 iwe tayari imelazwa. Vya UHF vilivyotoka ng'ambo, thibitisha masafa yake na Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kununua.

Mfuko wa akiba: nyuzi za 64 mbili (maduka huwa na seti za nyuzi sita, ule mnene haupatikani Jumamosi saa kumi na mbili jioni), betri mbili za alkalini, fiuzi za 3 na 5, kebo mbili, chaja ya pili ya modela.

Stima ikipotea katikati ya wimbo, modela iliyo kwenye UPS itabaki imewaka. Shusha sauti yake hadi sifuri, na fundi azime spika za PA kwenye swichi kabla jenereta haijashika. Jenereta ikiwaka, subiri taa zitulie zisipepese. Miksa kwanza, spika mwisho. Wakati huo wote tyuna iko mbele yako inawaka: tazama uzi wa saba.